Aliyembeba Mtakatifu Gonçalo

Jumatatu, 5 Agosti
Mjukuu wangu Jandira ameingia mashindano ya historia, yeye na wenzake wawili. Mada: siku mji wetu wa zamani ulipozama chini ya maji ya bwawa la umeme. Wakifika fainali, chuo kikuu kinawapokea bila mtihani. Bila mtihani! Katika ukoo huu hakuna aliyevuka darasa la sita. Mimi niliishia la tatu, na mwandiko huu ndio ushahidi.

Akauliza nani aliiokoa sanamu ya Mtakatifu Gonçalo kanisani. Nikamwambia ni babu yake, marehemu Honório. Peke yake. Begani.

Ukweli? Honório alikuwa kalala, kanywa pombe ya miwa tangu alfajiri. Sanamu tuliibeba mimi na Zulmira. Lakini Zulmira sisemi naye miaka arobaini sasa, tangu atangaze mbele ya watu kwamba jibini langu lina chumvi kama machozi ya mjane. Nimgawie nusu ya sifa? Afadhali nimpe marehemu zote.

Jumatano, 7 Agosti
Balaa. Mwalimu wao Cleonice anasema kila simulizi lazima liwe na shahidi wa pili. Siku hizi neno la mwanamke mzima halitoshi!

Nikamwendea binamu Adamastor, mzee wa miaka themanini na minane, na sinia la mikate ya jibini. Nikamfundisha: Honório, peke yake, begani. Nikamuuliza kama atakumbuka. Akajibu, mdomo umejaa: Kwa mikate hii, Generosa, nakumbuka hata Nuhu akipanda safina.

Ijumaa, 9 Agosti
Adamastor amerekodiwa. Alisema vizuri. Laiti angeishia hapo! Akaongeza kwamba Honório alitembea nusu siku bila kupumzika, na mtakatifu alikuwa akitabasamu. Jandira akaandika yote. Akanigeukia, macho yanang'aa: Bibi, kumbe babu alikuwa simba!

Nikainamia jiko nikachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa. Hapo ndipo ningesema ukweli. Mjinga mimi.

Jumamosi, 10 Agosti
Siku ya aibu. Mashindano ya mkoa, ukumbi wa manispaa umejaa. Nilivaa gauni langu la kanisani na hereni.

Jandira alieleza vizuri, nikatamani kusimama. Halafu wakaingia vijana wa shule ya masista, na kiongozi wao ni nani? Wagner, mjukuu wa Zulmira! Mada ileile. Wakaonyesha picha ukutani: wanawake wawili vijana, matope hadi magotini, mtakatifu katikati. Wagner akasema wa kulia ni bibi yake. Wa kushoto ni Bi Generosa, na bibi yake amewaagiza waseme kwamba huyo ndiye aliyekuwa na nguvu zaidi.

Jaji mmoja akamuuliza Jandira kama yule si bibi yake. Mtoto akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akajibu, mbele ya ukumbi mzima, kwamba bibi yake hasemi uongo, labda picha ni ya siku nyingine.

Ndipo Adamastor akapaza sauti toka nyuma: Ndiye huyo huyo! Honório siku ile tulimfungia ndani, amelewa chakari!

Mikate yangu yote ile!

Jumapili, 11 Agosti
Jandira hajanigombeza. Angenigombeza ningejua la kumjibu. Anaosha sahani zilizokwisha oshwa.

Mchana mtu akapiga makofi ya hodi langoni. Zulmira, na keki ya mahindi mkononi. Akasema alidhani nitafurahi kuiona ile picha. Akaniuliza: Ulifikiri nitakuacha nje ya hadithi, mwenzangu? Bila wewe ile sanamu ingeniponda. Nikala keki. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Miaka arobaini nimeitupa kwa ajili ya chumvi.

Majaji wana huruma. Wamenipa hadi Jumanne saa sita mchana niandike ushahidi mpya kwa mkono wangu. Ukifanana na wa Zulmira, Jandira na wenzake wanakwenda fainali. Usipofanana, basi.

Jumanne, 13 Agosti
Nimeamka mapema, nimeandika ukweli wote. Pombe ya Honório. Mimi upande wa kichwa, Zulmira upande wa miguu, tukabadilishana mtoni. Sote wawili mpaka mwisho, kama Zulmira alivyoshuhudia. Nililia kidogo juu ya karatasi. Jandira akasoma, akaomba baraka yangu na kunibusu mkono kama alipokuwa mdogo, kisha akaenda kuoga.

Bahasha ikabaki wazi mezani. Nikasoma tena. Safi kabisa. Nimejifunza: uongo haulipi.

Ila haki ni haki. Baada ya mto Zulmira alihema sana. Mtu anayehema vile amebeba, au ameegemea? Nikaongeza mstari mmoja tu, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: kwamba kuanzia mtoni Zulmira alikuwa akiigusa tu sanamu. Nikalamba bahasha, nikaifunga.

Jandira amekimbia nayo shuleni akiimba. Majaji watafurahi. Hawa wasomi wanapenda mambo yaelezwe kwa undani.