Bwawa Langu Halifungwi

Jumatatu, 6 Novemba

Leo nimevamiwa. Saa nne asubuhi, pikipiki bwawani, nyuma yake binti kakumbatia sanduku la chupa. Ni Jasmin, mtoto wa Mzee Mwinjuma mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Sumbawanga. Kumbe siku hizi ni mtafiti wa maji! Alikuwa Wampembe, anapima maji ya ufukweni kule Ziwa Tanganyika, akasikia bwawa letu limegeuka kijani. Ameniamkia shikamoo kwa adabu zote, nikajua mambo yatakuwa mepesi.

Hayakuwa mepesi. Alishusha majini sahani nyeupe yenye kamba. Haikufika hata kina cha kiganja, ikapotea. Akatuambia wanakamati wote kwamba ule utando wa kijani ni mwani wenye sumu. Unashiba mbolea inayotiririka kutoka mashambani, unanawiri kwa jua na maji yaliyotulia. Ng'ombe akiunywa anaweza kufa siku hiyohiyo. Alhamisi atarudi kupima tena. Akikuta hali ni hii, ataandika bwawa lifungwe.

Lifungwe! Mimi Kalisti, mwenyekiti wa kamati ya bwawa kwa miaka saba! Na uchaguzi ni Jumapili hii!

Epifania, katibu wangu, akauliza mbele ya mgeni ni nani huyo aliyelima kabichi mpaka ukingoni mwa maji. Anajua fika ni mimi. Nikakohoa mpaka swali likapita.

Mboje naye akauliza ng'ombe wake wanywe wapi. Anao thelathini na wanne. Ndiyo mali yake yote tangu alipohamia huku na familia yake kutoka Usukumani. Jasmin akamwambia awapeleke mtoni, mwendo wa saa tatu. Mboje hakumtazama Jasmin. Alinitazama mimi. Nikamwambia awe na subira, suala hili liko mikononi mwangu.

Jumanne, 7 Novemba

Nimepata ufumbuzi! Nimeupata nikiwa napiga mswaki. Mtafiti anapima nini? Anapima kijani. Kijani kisipokuwepo, atapima nini? Atafunga virago.

Nimechukua kitenge cha mke wangu Leonia, kile cha harusi ya mdogo wake. Nikajitosa majini mpaka kiunoni, nakokota kitenge kama wavu. Utando unanasa vizuri sana! Ndoo kumi na moja. Harufu ni ya kutapisha.

Sasa kuutupa wapi? Hapo ndipo damu ya Kifipa ilipofanya kazi. Sisi hatutupi kitu kibichi. Babu zetu walifukia majani chini ya udongo, wakatengeneza ntumba, yale matuta ya duara, na mwaka uliofuata shamba lilitoa mazao ya kupigiwa mfano. Na huu utando si majani? Nikapiga ntumba kumi na moja palepale upande wa juu wa kabichi zangu, kwenye mteremko. Kila ndoo na tuta lake. Nimesafisha maji na nimepata mbolea ya bure kwa siku moja.

Leonia akaja, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema tangu azaliwe hajaona mtu anapiga ntumba Novemba, mvua haijanyesha, udongo unga mtupu, haushikani. Akauliza pia kitenge chake kiko wapi. Nikamwambia kiko kwenye utafiti.

Jumatano, 8 Novemba

Yesu na Maria! Utando umerudi. Upepo umeusukuma kutoka ng'ambo mpaka kwangu. Nimeanza upya, naongezea kwenye ntumba zilezile, na vidole vinawasha kama nimeshika upupu.

Epifania alisimama ukingoni na daftari lake. Akanikumbusha kwamba Jasmin alikataza kuushika utando kwa mikono. Nikamjibu kwamba mwenyekiti haogopi maji ya kwake. Akaandika. Kila ninachosema anaandika!

Lakini kibaya zaidi ni hiki. Ndiye aliyemsindikiza Mboje na ng'ombe mpaka mtoni jana na leo. Ng'ombe wawili wamerudi wanachechemea, na ndama mmoja alibebwa mabegani. Kabula, mke wa Mboje, anamwita Epifania dada. Nimepiga hesabu: Mboje, Kabula, kaka watatu wa Mboje na wake zao, na mama yao, jumla kura tisa. Tisa! Nanyang'anywa huku natazama.

Alhamisi, 9 Novemba

Jasmin amekuja. Ukingo wangu uling'aa! Sahani nyeupe ilishuka, ikashuka, bado tunaiona. Akashangaa. Nikamwambia hayo ndiyo matunda ya uongozi.

Akasema vizuri, ila ukingo si bwawa zima. Akaazima mtumbwi wa wavuvi wa perege, akaenda kuchota katikati. Majibu atatoa kesho kwa simu, na mpaka hapo asinywe mnyama yeyote. Akaniuliza mikono ina nini. Nikaificha mfukoni, nikasema ni sabuni mpya.

Alipoondoka tu, Mboje akateremka kilimani peke yake. Macho yamemwingia ndani, hajalala vizuri. Akasema, Mwenyekiti, ulisema nisubiri, na nimesubiri. Ndama hawezi tena safari ya mtoni. Niambie wewe, maji haya vipi?

Ningeweza kusema ngoja kesho. Maneno mawili tu. Yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini nikaona kura tisa zimesimama mbele yangu zimevaa kofia.

Nikamwambia maji yanaonekana mazuri. Sikusema wanyweshe! Nimesema yanaonekana. Akanishukuru kwa mikono miwili, akasema atawaleta asubuhi.

Leonia kapika ugali kwa maharage. Umepoa mezani. Mara tatu nimesimama niende kwa Mboje, mara tatu nimekaa.

Ijumaa, 10 Novemba



Alfajiri mvua ilishuka. Mvua ya kwanza ya mwaka, na haikuanza kwa manyunyu, ilimwagwa. Nikakumbuka ntumba. Nikatoka mbio na kandambili moja.

Zimeisha. Zote kumi na moja! Ule udongo wa unga umeyeyuka, umeteremka na utando wote, umepita katikati ya kabichi, umebeba na mbolea ya dukani niliyoweka wiki iliyopita, vyote moja kwa moja bwawani. Ukingo wangu uliong'aa jana ulikuwa uji mzito wa kijani.

Na ng'ombe wanashuka kilimani.

Ng'ombe wenye kiu wakishanusa maji hawazuiliki, hata Mboje alikuwa nyuma yao anakimbia. Nikapiga kelele warudishwe. Mboje akanipungia mkono, amedhani namsalimia! Nikasimama mbele yao, nimetanua mikono, thelathini na wanne wanakuja. Ng'ombe hajui mwenyekiti. Nilipigwa kikumbo, nikala tope.

Epifania ndiye aliyewageuza. Alitokea upande wa pili anagonga debe kwa mwiko, Kabula nyuma yake na fimbo. Lakini sita walikuwa wameshazamisha midomo.

Saa mbili simu ikaita. Jasmin. Maji ya katikati yana sumu nyingi, asinywe mtu wala mnyama. Nikamwambia tunalishughulikia.

Jumamosi, 11 Novemba

Wamekufa wawili. Mmoja ni yule jike jeupe, ambaye maziwa yake ndiyo uji wa watoto wa Mboje. Wanne wamesimama ila hawali. Bwana mifugo amesema nyama isiguswe, wafukiwe kwa kina.

Nimekwenda kuchimba. Tumechimba mimi na Mboje tangu asubuhi mpaka saa nane. Tulipomaliza kufukia akaniuliza jambo moja tu: juzi nilipomjibu, nilikuwa najua?

Nikamwambia nilisema yanaonekana.

Akaweka jembe begani, akaondoka. Kabula alikuwa mlangoni na sufuria tupu ya maziwa, watoto wamemzunguka. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nimelia nyuma ya ghala, Leonia amenisikia.

Nimeapa. Kesho mkutanoni nasema yote: kitenge, ntumba, kura tisa. Yote!

Jumapili, 12 Novemba

Mkutano baada ya misa. Nilikuwa nimekariri. Nikasimama, nikasafisha koo, nikaanza na salamu za kamati, nikaingia kwenye hali ya hewa, na nikiwa bado kwenye hali ya hewa Epifania akafungua daftari. Akasoma yote yeye. Siku, saa, idadi ya ndoo. Kumbe kitenge nacho kilikuwemo!

Nilikasirika sana. Nilitaka kukiri mwenyewe. Mtu ananyang'anywaje hata maungamo yake?

Mboje hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema kosa ni lake, kwamba aliuliza mtu badala ya kungoja majibu. 

Kura: Epifania hamsini na saba, mimi moja. Nimemuuliza Leonia alimpigia nani. Amesema anataka kwanza kitenge.

Jasmin akaeleza utaratibu. Bwawa limefungwa mpaka maji yapimwe tena. Ng'ombe watajengewa birika la pembeni, maji ya kisima. Na kuanzia ukingoni, hatua thelathini kuzunguka bwawa zima, hakuna kulima wala kuweka mbolea. Patapandwa majani ya kuzuia matope, maana bila hivyo kila mvua itarudisha sumu, na mtu wa kwanza kuumia ni Mboje.

Nimepiga makofi kuliko wote. Mimi ni mtu mpya.

Jumatatu, 13 Novemba

Asubuhi, Mwenyekiti Epifania amekuja na vigingi kupima hizo hatua. Wameanzia kwangu, kwenye kabichi. Kabichi zimefunga vizuri mwaka huu, ngumu, za kupeleka sokoni Krismasi. Hatua thelathini zinafagia shamba zima.

Akauliza nani atatembea. Nikajitolea haraka. Akasita. Nikasema niachieni walau nifanye jambo moja jema, na sauti ikakatika yenyewe, kweli kabisa. Akakubali. Mboje akashika nyundo na vigingi.

Nikaanza ukingoni. Nimetembea kama bibi harusi anaingia kanisani. Kisigino kwenye kidole, kisigino kwenye kidole, nahesabu kwa sauti kubwa ili wasitazame miguu. Nilipotaja thelathini nilikuwa nimepita mistari miwili tu ya kabichi. Mboje akainama. Akapiga kigingi palepale niliposimama, akakikazia kwa mguu, akanishukuru.

Mistari kumi na minne imepona! Wingu limejikusanya upande wa Kasense, kwa hiyo kesho asubuhi naiwekea mbolea kabla mvua haijanyesha.