Zamu ya Mwisho Majini

Jumatatu, tarehe 4

Balaa! Bosi ameingia ofisini akitabasamu, jambo ambalo huwa haliishii vizuri. Kampuni itashiriki kuogelea kwa kupokezana mchana na usiku, kuanzia Jumamosi asubuhi hadi Jumapili asubuhi. Akauliza nani anajua kuogelea.

Kambare wa stoo akanyoosha mkono. (Tunamwita Kambare kwa sababu ya masharubu, na kwa sababu hashikiki.) Mimi, karani, na yeye tuko kwenye kipindi cha majaribio, na atakayethibitishwa kazini ni mmoja. Nikaona mkono wangu nao uko juu. Sikuutuma! Mimi ni mtu wa kuoga kwa kopo, tena nikiwa nimeshika ukuta.

Kambare akaniuliza naogelea mtindo gani. Nikasema yote.

Jumanne, tarehe 5

Nimekuja kazini na pamba sikioni. Nikamweleza Bosi kwamba daktari amenikataza maji. Akanipa pole. Nikamwomba arudie, maana sisikii. Mambo yalikwenda vizuri hadi wakati wa chai, alipopita nyuma yangu akimnong'oneza mhasibu kwamba anayejitolea ndiye atakayethibitishwa. Nikageuka palepale, nikasema nimepona.

Kambare akasema dawa za siku hizi ni kiboko, zinaponya hata pamba haijatoka.

Jumatano, tarehe 6

Akili ni mali yangu! Nimejitolea kupanga zamu, na nimejipa ya mwisho kabisa. Kufikia Jumapili asubuhi watu watakuwa hoi, wengine wanakoroma vitini. Nani atajua kama niliingia au sikuingia?

Baada ya chakula cha mchana Kambare alikuja kunipa mkono. Alisema nina roho ngumu, ndugu yangu, yeye asingethubutu kujipa zamu ya heshima. Heshima gani? Akanieleza polepole, akilifurahia kila neno. Zamu ya mwisho ndiyo inayotazamwa na wote. Familia zinakuja. Mkurugenzi anakuja. Inapigwa hadi ngoma!

Nimekimbilia kwa Bosi kuomba tubadilishe. Ameshamwambia mkurugenzi. Amesema ameguswa na ujasiri wangu.

Nimerudi mezani kuitafuta ile pamba.

Alhamisi, tarehe 7

Dada yangu anafundisha watoto kuogelea. Nilimwendea. Akanipanga kwenye kina kifupi na wanafunzi wake wa chekechea. Binti mmoja asiye na meno ya mbele aliniambia, "Anko, usilie, maji hayaumi." Nilikuwa silii. Yalikuwa maji ya bwawa.

Dada akanishauri nikamwambie Bosi ukweli. Nikamuuliza ukweli umewahi kumpa nani ajira.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani nikamtazama vizuri. Kimo chetu ni kimoja. Mabega ya baba. Pua ya baba pia, maskini. Mvalishe kofia, miwani ya kuogelea na vazi la kumfunika hadi vifundoni, nani atatutofautisha? Amekataa. Nimembembeleza. Amekataa tena. Nimeahidi kuosha vyombo vyote hadi siku atakayoolewa. Amekubali haraka mno.

Nimekumbuka baadaye kwamba alimfukuza mchumba wiki iliyopita.

Jumamosi, tarehe 9

Tumeanza. Mwamuzi ni mkali. Amesema kila timu iwe na mtu majini wakati wote, tena mmoja tu. Wawili wakionekana humo pamoja, timu imetolewa.

Kambare anaogelea kama aliyezaliwa humo, na kila akitoka ananikung'utia masharubu. Mimi nagawa taulo. Nimejinyoosha viungo mbele ya Bosi, hadi vidole vya miguu. Amewaambia wenzangu waige nidhamu yangu.

Jumapili, tarehe 10

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi.

Zamu yangu ilipofika nilijifungia chumba cha kubadilishia nguo. Dada akatoka na kofia yake na miwani yake, akajitosa. Nikasikia watu wote: "Karani! Karani!" Ngoma. Miluzi. Bosi akipaza sauti kwamba huyo ni kijana wake. Sijawahi kushangiliwa tangu nizaliwe! Nikachungulia. Jamani, naogelea vizuri! Nikashindwa kuvumilia. Nikatoka hadi ukingoni, nikapiga makofi, nikajiambia kwa sauti kubwa nikaze, nakaribia kumaliza.

Aliyesimama kando yangu ni Kambare. Akanitazama. Akatazama majini. Akanitazama tena. Akavuta pumzi ya kumwita Bosi. Nikamrukia nimzibe mdomo, na Kambare, kama kawaida, hakushikika.

Nikatumbukia. Nikamwita mama. Nikaaga dunia. Dada akaja mbio, akanikamata ukosi.

"Simama, mjinga wewe! Maji yanakufika kifuani!"

Nikasimama. Miwani ilikuwa imemtoka dada. Tukabaki tumesimama pale, karani na karani, mbele ya mkurugenzi. Mwamuzi akapuliza filimbi. Mchana na usiku mzima wa jasho la wenzangu ukaishia hapo.

Jumatatu, tarehe 11

Kambare amethibitishwa. Mimi nimeponea chupuchupu, kwa sababu mkurugenzi alicheka hadi akakaa chini. Nimeongezewa mwezi mmoja wa majaribio kwa sharti moja: mwisho wa mwezi nivuke bwawa mwenyewe, kutoka huku hadi kule kwenye ubao wa kupigia mbizi, Bosi akinitazama. Nikishindwa, kwaheri kazi.

Dada amejitolea kunifundisha kila jioni. Nimemwambia sitaki kumsumbua.

Nimeketi nikatafakari kosa langu kwa utulivu, kama mtu aliyesoma. Ni moja tu: nilimtegemea mtu mwingine. Jana niligundua kwamba maji yananifika kifuani. Nikiinama, uso majini, mikono ikizunguka juu, huku natembea taratibu chini, nani ataiona miguu? Nimefanya mazoezi sebuleni, kutoka mlangoni hadi kwenye kabati. Mama amepita, akaniuliza nimepoteza nini.

Upande wa pili wa bwawa sijawahi kuufikia. Lakini bwawa ni moja, na maji ni yaleyale.