Kioo Kipana cha Boti ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Hatimaye! Kipima kina cha boti kimekufa kabisa, na nahodha wetu wa siku zote kastaafu kwa sababu ya mgongo. Mama mkwe, ambaye ndiye mwenye boti, katuita sebuleni kwake, mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Kasema tununue mtambo mpya, ule wa kisasa unaoonyesha ramani, kina cha maji na samaki, vyote kwenye kioo kimoja. Atakayechagua mtambo mzuri ndiye atakayeshika usukani Jumamosi, tukimvusha mama mwenye nyumba ya wageni. Huyo mama anatafuta boti ya kubebea wageni wake mwaka mzima. Akiridhika, usukani ni wa huyo aliyeushika, moja kwa moja.

Miaka yote nimekata tiketi na kufunga kamba. Abiria wananiita "wewe wa tiketi". Naitaka ile siti! Shemeji naye anaitaka, ila hasemi. Huyo hasemagi kitu, ndiyo maana tunamwita Taratibu. Nimezunguka chumbani mpaka mke wangu kaniambia nikae au nitoke. Nimetoka.

Jumanne, 4 Machi

Dukani. Mitambo ukuta mzima, yote inawaka. Muuzaji ana tai nyekundu na maneno matamu. Nikakiona. Kioo kipana kama sinia! Samaki wanamiminika, kina kinasoma mita arobaini, kiboti kidogo kinakata maji kwa raha zake. Muuzaji alisema macho yangu ni ya mtu anayejua vitu. Kweli kabisa.

Taratibu akaganda kwenye kidude cha vitufe, kidogo kama kiganja. Akauliza kinakula umeme kiasi gani. Akauliza jua likipiga kinasomeka, na mikono ikilowa kinabonyezeka. Maswali ya kutia usingizi! Habari za samaki hakuuliza hata mara moja.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka na mpango. Nimempeleka mama mkwe dukani asubuhi, Taratibu akiwa bado anakunywa chai. Mama mkwe huwa anasahau miwani yake ya kusomea. Leo nilihakikisha ameisahau. Kidude cha Taratibu akakiona ukungu mtupu. Kioo changu akakisoma mpaka namba! Akasema mkwe wangu una akili. Una akili! Nimerudi nyumbani miguu haigusi chini.

Taratibu aliposikia akasema sawa, ila yeye atabaki na kamba yake ya kupimia maji, ile yenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi umeme kaja kufunga. Kioo hakiingii! Tumekata kabati ambalo mama mkwe huweka chupa yake ya chai. Bado. Tumekata na rafu. Sasa kimeingia, ila mlango wa chumba cha nahodha unafunguka nusu. Nahodha mwembamba hana shida.

Fundi akasema waya za kipima kina na antena hazina plagi zake, zinakuja Jumatatu. Mpaka hapo kioo hakijui kitu, nisikitegemee. Jumatatu! Na Jumamosi je? Nikamwitikia sawa sawa, akaenda zake, nikakiwasha. Kikauliza maswali mengi, yote nikajibu ndiyo. Swali moja lilitaka kujua kama nataka maonyesho ya dukani. Ndiyo! Si ndiyo hayo niliyoyapenda? Mara samaki tele, mita arobaini, boti inakwenda mbio. Fundi hajui kazi.

Boti ilikuwa bado imefungwa gatini. Nadhani ni mkondo wa maji.

Ijumaa, 7 Machi

Mkosi. Nimevaa miwani ya jua ili nizoee unahodha. Kioo kikawa cheusi tii! Nimempigia muuzaji na kumwita tapeli. Akaniuliza kwa upole kama nimevaa miwani ya jua. Nikaivua. Samaki wakarudi. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata. Sasa hapokei simu zangu.

Jioni nimemkuta Taratibu anaisuuza ile kamba yake. Jamani! Mama mwenye wageni akituona tunapima maji kwa kamba, si atacheka mpaka aanguke? Nimeichukua, nimeisukuma chini ya kitanda changu. Mke wangu kaiona, kauliza ya nini. Nimesema ya mazoezi. Kaangalia tumbo langu, kaendelea kukunja nguo.

Jumamosi, 8 Machi

Naona aibu kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Tuliondoka vizuri. Mimi kwenye siti, kofia nyeupe kichwani. Mama mkwe upande huu, mama mwenye wageni upande ule, viatu vyake vya ngozi laini vinang'aa. Nikawaonyesha samaki. Mama mwenye wageni akasema wengi hivi! Kichwa kikavimba mpaka kofia ikabana. Taratibu akasema mbele kuna fungu la mchanga. Nikamnyooshea kidole kwenye mita arobaini. Akaenda kutafuta kamba yake, asiione. Akarudi, akaniangalia. Nikajitia nashughulika na kioo.

Nikachungulia nje. Chini nilimwona kaa, na kaa aliniona. Nikajiambia ni maji safi tu, yananichezea macho.

Tulikwama bila hata kelele. Boti iliteleza, ikainama kidogo, ikatulia. Injini ikanguruma bure. Kioo kikaendelea na safari, tena kwa kasi! Mama mkwe akauliza, hapa tulipo kina ni kiasi gani. Sauti ikanitoka nyembamba: arobaini. Akakunja gauni lake, akashuka. Maji hayakumfika gotini. Mama mwenye wageni akavua viatu, akamfuata, wakatembea mpaka nchi kavu huku wanapiga soga. Nilitamani mchanga unimeze. Nyuma yangu kioo kikalia ting! Kikaandika kwamba tumefika.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe hakuzunguka maneno. Usukani ni wa Taratibu. Mama mwenye wageni atatupa kazi, ila mimi nisiiguse ile siti.

Nimerudisha kamba. Taratibu kaipokea, kasema ningeomba angeniazima. Basi. Hilo limeniuma kuliko yote. Ningegombezwa ningejua la kujibu. Nimejifungia bafuni, nimefungua bomba, nimelia. Mke wangu kagonga, kasema nitoke, yeye hakuolewa na nahodha, aliolewa na mimi, na tena maji yanakwenda bure. Nimetoka.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi kaleta plagi zake, kachomeka, kabonyeza mahali pamoja. Samaki wote wakatoweka! Kioo kikabaki na gati letu na mita mbili za maji. Chombo kizuri, kakiharibu mchana kweupe, na Taratibu anamshukuru!

Baadaye Taratibu kaniita pembeni. Kwa kinywa chake, maneno mengi kuliko ya mwezi mzima! Anataka nisimame mbele kabisa ya boti, niyaangalie maji kwa macho yangu, nikiona mchanga nimpigie kelele. Kasema kazi hiyo hampi mtu hivi hivi. Kasema hataki kumwona mama yake anatembea tena majini. Nimempa mkono, nimeahidi kwa roho moja. Kuna mtu bado ananiamini!

Mchana nimekwenda dukani. Muuzaji alijificha nyuma ya makasha, ila tai ilionekana. Nimemweleza kwamba nina kazi nyeti, ya macho, na siwezi kukaa natazama maji matupu kama mtu asiye na vifaa. Nahitaji kioo changu mwenyewe, cha mbele. Anacho! Kipya, kina betri yake humo humo, na kinaonyesha nyangumi. Nimekichukua bila waya hata mmoja, maana waya ndizo zilizoniponza.