Ombi la Kurudishiwa Uziwi Wangu

Buyenzi, Bujumbura
Juni 1996

Kwa Daktari Gélase, mtaalamu wa masikio,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni Atumani, fundi wa magari, yule uliyemtoboa ngoma za masikio ukamwekea vijibomba ili maji yaliyojaa ndani yatoke. Yametoka. Nasikia vizuri mno, na hayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Zamani risasi za mtaa wa Kamenge zilikuwa shida ya majirani. Sasa nami nalala chini ya kitanda kama watu wengine.

2. Sikio la kulia linatoa usaha. Ulisema nyama imeota kuzunguka kijibomba kwa sababu mwili haupendi kitu kigeni. Daktari, mimi ni mtu wa Buyenzi! Kwetu hata Mkongo aliyefika jana anawekewa sahani. Mji mzima unaulizana nani ni wa wapi, na sikio langu nalo limejiunga? Naona aibu kutembea nalo.

3. Hukuniambia kwamba kijibomba hakisafishwi kama kabureta. Mwenzangu Pontien alikipuliza kwa kompresa, kwa nia njema kabisa. Nikaona gereji inazunguka, nikaangukia radiata ya mteja. Mteja bado amenuna.

4. Redio inasema hali ni shwari, nje bunduki zinasema mengine, yote kwa wakati mmoja. Kiziwi hana usumbufu huo.

Kwa hiyo naomba uvitoe vijibomba vyote viwili, uzibe matundu, unirudishie uziwi wangu kama ulivyoukuta.

Wasalimie wauguzi wote, hasa Bi Caritas aliyenishika mkono nilipolia.

Ni mimi mgonjwa wako mtiifu,
Atumani

Nyongeza: Kabla sijaituma barua, vijibomba vimedondoka vyenyewe. Nilifurahi! Nikatoka na mke wangu Zaina kufuata spea mtaa wa Asiatique, kimya kitamu njia nzima. Kwenye kizuizi cha barabarani, watu wananieleza sasa kwa kupaza sauti, askari aliita mara tatu: “We muzee, simama!” Mimi nikaendelea na safari. Zaina alinirukia kwa nyuma, tukaanguka wote vumbini. Nilipogeuka niliona bunduki, na Zaina akiyaonyesha masikio yangu kwa vidole, mdomo ukienda mbio. Alichosema sikijui, ila nimepona.

Daktari, nakuja kesho asubuhi. Niwekee vingine, hata usaha utoke kwa ndoo. Zaina amekaa hapa pembeni, bado analia, nami naona mabega yakitikisika tu.