Mkono wa Bendeji na Sinia la Walima

Jumatatu, 10 Februari

Maalim Abdulhalim, mwalimu wetu wa mafriji na viyoyozi, ametangaza leo. Nafasi ya mafunzo ya kazini kwenye maghala ya baridi kule Kilindini ni moja tu. Moja! Mtihani Jumatatu ijayo: kuunga mabomba ya shaba kwa moto. Atakayeshinda atavaa ovaroli ya buluu yenye jina lake kifuani. Wengine tutajitafutia.

Kujitafutia, kwangu mimi, maana yake ni karakana ya mjomba Kamaludin huko Makupa. Mjomba anatengeneza friji kuukuu na kufoka tangu asubuhi hadi magharibi. Likizo iliyopita nilimsaidia. Masikio yanavuma mpaka leo.

Shida ni kwamba mabomba yangu yanavuja. Yote! Ya Danish hayavuji hata kidogo. Danish, mtoto wa duka la vitambaa, anayepangusa koleo kwa leso. Akiniona navujisha, anatabasamu. Simpendi, wallahi.

Jumanne, 11 Februari

Akili yangu hii, mashallah!

Chuoni kuna ofisi ya kusaidia wanafunzi. Msimamizi wake ni Bi Mahjabeen, mama mpole, miwani imening'inia kifuani. Asiye na spana anaazimwa. Asiyesikia vizuri anatengewa kiti cha mbele. Muhula uliopita Yumna wa darasa la umeme alivunjika mkono, akapewa mwenzake wa kumfanyia kazi, yeye akawa anaamuru tu. Akafaulu!

Basi nimejifunga bendeji mkono wa kulia. Uso nimeukunja. Nimeingia ofisini nikasema nimeteleza ngazini, kifundo kimeteguka. Bi Mahjabeen akasema maskini mwanangu, akanimiminia chai ya tangawizi. Akaniahidi msaidizi kuanzia Alhamisi, tena fundi hasa. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumatano, 12 Februari

Balaa. Sikutaka Mama ajue. Lakini hapa ni Kibokoni, mtaa usio na siri, habari za bendeji zilifika nyumbani kabla yangu.

Asubuhi Mama kamwita Bi Mwanaesha, mkandaji wa mtaa. Kizee mdogo, vidole vya chuma. Akamwaga mafuta ya ufuta ya moto, akaanza kutafuta palipoteguka. Hakupaona. Akazidi kutafuta! Nikapiga kelele hadi jirani wa ng'ambo akafungua dirisha. Mama akasema kumbe mtoto ameumia kweli. Bi Mwanaesha akaapa kuwa tangu aanze kukanda watu hajashindwa na mfupa, na hatashindwa na huu.

Atarudi kesho. Ya Rabi.

Alhamisi, 13 Februari

Msaidizi wangu ni nani? Danish!

Na si wa kunifanyia kazi. Eti wa kunifundisha kutumia mkono wa kushoto! Nikamuuliza Bi Mahjabeen, kwa adabu, mbona Yumna alikuwa akiamuru tu. Akasema Yumna alivunjika mikono yote miwili. Hilo nani aliniambia? Hakuna.

Basi mchana kutwa nashika moto kwa kushoto kama mtoto anayejifunza kula uji. Danish hachoki. Polepole, ananiambia. Usiikimbilie shaba, ngoja iive. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba anafundisha vizuri. Bomba la mwisho lilivuja kidogo tu. Nimemwambia ni bahati.

Jioni Bi Mwanaesha tena. Sina nguvu za kuandika.

Ijumaa, 14 Februari

Siku nyeusi!

Baada ya sala ya Ijumaa kulikuwa na walima, karamu ya harusi ya jirani. Biriani. Harufu ilitukuta msikitini. Nikaketishwa kwenye sinia moja na nani? Maalim Abdulhalim upande huu, Danish upande ule. Hapo ndipo nilipogutuka. Mkono wa kulia umefungwa. Na nani atatia mkono wa kushoto kwenye sinia la watu? Afadhali kufa.

Nikaomba kijiko. Wakasema vijiko vimepelekwa kwa wanawake. Danish akasema msihangaike, ndugu yangu nitamlisha mwenyewe. Mbele za watu! Akanitilia tonge mdomoni. Wali mtupu. Tonge la pili, wali na pilipili nzima. La tatu, kitunguu. Nyama anakula yeye, huku wazee wanamwombea dua kwa wema wake.

Ikabaki nyama moja katikati, ya mfupa, inang'aa mafuta. Danish akainyooshea mkono.

Sikukusudia. Naapa sikukusudia. Mkono wangu wa kulia ulitoka wenyewe, bendeji na yote, ukainyakua ile nyama, ukaivunja mfupa, ukaitia kinywani. Maalim akatazama bendeji iliyojaa rojo. Akasema alhamdulillahi, kijana amepona.

Nyama yenyewe ilikuwa tamu sana.

Jumamosi, 15 Februari

Mama ameshajua. Hakunipiga. Alimwita tu Bi Mwanaesha akamweleza. Yule bibi aliona amechezewa: ametafuta mfupa siku zote hizi, kumbe haukuondoka mahali pake! Akasema kazi aliyoianza ataimaliza, na bila malipo. Akakunja mikono ya buibui.

Kifundo sasa kimefura. Kweli. Hakikunjiki.

Jumatatu, 17 Februari

Nimemwonyesha Maalim kifundo. Akacheka hadi machozi. Akasema mashallah, hata kujivimbisha nimejua. Nikaapa. Darasa zima likacheka. Bi Mahjabeen alikuwa mlangoni. Yeye peke yake hakucheka, na hilo lilinichoma zaidi.

Nikafanya mtihani kwa kushoto. Polepole. Nikaingoja shaba iive. Maalim akajaza hewa, akalizamisha bomba langu ndooni. Tukangoja povu. Halikutoka. Hata kiputo! Bomba langu la kwanza lisilovuja tangu nizaliwe. Nilitaka kumkumbatia mtu.

La Danish pia halikuvuja.

Maalim akasema mikono yetu iko sawa. Lakini kule Kilindini mtu anaingia ndani ya chumba cha barafu kwa sababu mwenzake amemwambia gesi imefungwa, kwa hiyo anampeleka ambaye neno lake linaaminika. Ovaroli ikaenda kwa Danish. Nimeumia, na safari hii hakuna pa kufunga bendeji.

Bi Mahjabeen akanipa chai ya tangawizi. Akasema mlango wake uko wazi, ila siku nyingine nimwambie tu kwamba mabomba yangu yanavuja, kwani Danish angenifundisha hata kwa mkono wa kulia. Nikamwahidi, na nilikuwa namaanisha.

Kutoka nje, Danish akanipa mkono wa kuagana. Wa kulia. Akaubana! Nikaruka juu. Akatabasamu.

Jumanne, 18 Februari

Leo naanza kwa mjomba Kamaludin. Amepiga simu alfajiri, kufoka ameanzia huko huko kwenye simu. Kuna friji la bucha la kupandisha ghorofani.

Nimefikiri sana kitandani. Kosa langu nimeliona. Kosa lilikuwa mkono! Mkono unaonekana, mkono unakula. Mgongo je? Nani atauona mgongo? Nikashuka ngazi nimejipinda, nashika kiuno, nikamwambia Mama kuwa nimeamka nao hivi, sijui nimelalaje.

Mama hakuinua macho kwenye karai la mahamri. Akasema pole mwanangu, niliwaza hivyo hivyo tangu jana usiku.

Mlango unagongwa. Nasikia harufu ya mafuta ya ufuta.