Ripoti ya Mkurugenzi wa Nyasi Kuhusu Kuungana kwa Stars na Moto

Wananchi wa Karuthiri, pamoja na nyinyi wa Siakago mliosikia habari hii nusu nusu mkingojea unga kwa kinu, mimi Mkurugenzi wa Nyasi nina furaha kuwatangazia kwamba kazi ya kuunganisha timu zetu mbili za mpira imekamilika kwa ufanisi wa hali ya juu. Timu zilizokuwa mbili sasa ni tatu.

Msicheke kabla sijaeleza.

Karuthiri ni soko dogo lakini lina juu na chini. Juu kuna kanisa na duka la Mzee Munyi, na hiyo ndiyo Stars, fulana za kijani. Chini kuna mnada wa mbuzi na boma la Mwalimu Njuki, ambaye alistaafu kufundisha lakini hajastaafu kusahihisha watu. Hiyo ndiyo Moto, fulana nyekundu. Stars ikicheza na Moto, wanawake wa juu na wa chini hawaazimani chumvi wiki nzima, na kwa matanga watu wanaketi kila upande na marehemu katikati kama refarii.

Mimi si wa Stars wala wa Moto. Mimi ni wa mbuzi. Uwanja wetu ni mmoja, uko bondeni, na maji yote ya mvua hukimbilia pale. Jua likikaza huku kwetu, ni pale tu panapobaki na nyasi. Asubuhi mbuzi wangu wanakula, jioni vijana wanacheza, na tangu nilipoolewa hakuna aliyemuuliza mwenzake ana cheo gani.

Halafu akaja Bwana Ndambiri, Afisa wa Uwiano wa Michezo, na viatu vyeupe.

"Serikali imegundua kwamba mna uwanja," akasema, kama vile tulikuwa tumeuficha.

Akatueleza kwamba timu mbili kwa uwanja mmoja ni upungufu wa asilimia hamsini. Kwa hivyo, ama timu ziungane kabla ya ziara ya Mheshimiwa, mkubwa wake, ama uwanja uchukuliwe na kujengwa Ofisi ya Uratibu wa Michezo, yenye ghorofa.

Nelius, jirani yangu anayeuza mandazi, akainua mkono. "Afisa, na hiyo ofisi itaratibu mchezo gani kama uwanja hakuna?"

"Hilo litaangaliwa kamati ikikaa," akasema Bwana Ndambiri, na akaenda chai.

Mimi niliona mbuzi wangu wakila ghorofa, nikapanda gari hadi ofisini kwake. Nikaambiwa yuko chai. Nikangoja. Mimi ngoja yangu ni ya mtu aliyelea watoto saba na punda mmoja. Akarudi kutoka chai, akaniangalia, akaenda chai tena. Aliporudi mara ya pili nilikuwa bado hapo, nimetoa viazi vyangu nakula.

"Mama, kwani shida yako ni gani?"

"Nyasi."

"Nyasi itaangaliwa kamati ikikaa."

"Basi wacha nikae na mimi," nikasema, "kwa maana kukaa ndiyo kitu najua."

Akaona njia rahisi ya kunitoa hapo ni kunipa cheo. Nikarudi Karuthiri nikiwa Mkurugenzi wa Nyasi, mimi ambaye shule niliiacha darasa la tatu kabla hatujafika mahali pa kugawanya.

"Mbona unatembea hivyo?" Nelius akaniuliza. "Umekanyaga mwiba?"

"Hivi ndivyo wakurugenzi wanatembea," nikamjibu. Ulikuwa mwiba, lakini sikutaka kuinama.

Kamati ikakaa dukani kwa Mzee Munyi. Ikakaa tena bomani kwa Mwalimu Njuki, ili kusiwe na mahali palipokaliwa zaidi. Wachezaji hatukuwaita. Mwalimu Njuki alieleza vizuri kwamba wachezaji wakiingia kwa kamati, wataleta mambo ya mpira.

Jina tulipata: Klabu Unganifu ya Karuthiri. Rangi ndiyo ilitusumbua. Hatimaye Wawira fundi wa nguo akasema atashona kijani mbele, nyekundu nyuma.

"Kwa nini Moto iwe nyuma?" Mwalimu Njuki akauliza.

"Mtu akigeuka itakuwa mbele," Mzee Munyi akasema.

"Basi wageuke!"

Ikapitishwa kwamba kipindi cha pili wachezaji watakimbia kinyumenyume. Mimi niliunga mkono. Nilikuwa nimechoka, na kusema kweli niliona itafaa nyasi.

Vyeo navyo vikapangwa kwa haki. Mzee Munyi akawa Mwenyekiti wa Kwanza, Mwalimu Njuki akawa Mwenyekiti Mkuu, asiwepo aliye chini ya mwenzake. Makatibu wakawa wawili, waweka hazina wawili, na Bwana Ndambiri akajiweka Mlezi wa Wenyeviti. Hakuna aliyetoka nje bila kitu.

Sasa ikabaki mbuzi. Huku kwetu watu wakipatana bila kuchinja, huo si upatano, hayo ni mazungumzo. Mbuzi nilimtoa mimi, dume langu jeusi, kwa ajili ya kuokoa uwanja. Lakini mnajua mbuzi wa upatano haliwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, na kidari ni cha mwenyekiti.

Mbuzi ana kidari kimoja.

Kamati ilisimama ikitazama kile kidari mpaka nzi wakapata habari. Mzee Munyi akasema yeye ni wa Kwanza. Mwalimu Njuki akasema yeye ni Mkuu. Bwana Ndambiri akapendekeza kikatwe katikati, na wazee wote wakamwangalia kama mtu aliyependekeza kukata mtoto. Mwishowe ikaamuliwa achinjwe mbuzi wa pili. Watu wa Stars wakala wa kwao upande wa juu wa moto, watu wa Moto wakala wa kwao upande wa chini, wamepeana migongo, na hivyo ndivyo umoja wetu ulivyotiwa muhuri.

Wachezaji wakaja kuelekea mwisho. Mutegi, golikipa wa Stars, kijana wa pikipiki mwenye mikono kama sufuria, alisimama pamoja na Mwiti, mshambuliaji wa Moto. Sikuwa nimewahi kuwaona hawa wawili upande mmoja wa barabara.

"Shosho, sisi yetu iko wapi?"

Nikatazama. Shingo ilikuwa ya Katibu Mwenezi. Kwato zilikuwa za Naibu wa Mipira Iliyotoka Nje. Hata mkia ulikuwa na ofisi.

"Kuna supu," nikasema.

"Supu ya nini?"

"Ya maji, mjukuu wangu. Lakini yamepita karibu na nyama."

Mutegi akacheka, kile kicheko cha mtu asiyetaka kumkasirikia mzee. Akamwangalia Mwiti, Mwiti akamwangalia. Wakaondoka pamoja, na wale wengine wakawafuata, kijani na nyekundu wamechanganyika. Mimi nilikuwa nimeshika figo yangu, figo ya Mkurugenzi, na sitasema uongo, niliimaliza.

Jumamosi ya ziara ikafika. Mahema yalisimama, na Cicily na kwaya yake wakaimba hadi spika ikalia yenyewe. Mheshimiwa akashuka kwa gari, akasalimia, akakaa. Bwana Ndambiri akashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa, leo utashuhudia mechi ya uzinduzi ya Klabu Unganifu, klabu ya pekee Karuthiri, isiyo na mpinzani!"

Tukapiga makofi. Mheshimiwa naye akapiga, halafu akasimamisha mikono hewani.

"Sasa wanacheza na nani?"

Nimeona vifo, nimeona ukame, nimeona mwaka wa nzige. Sijaona kamati ikitazamana vile. Mwenyekiti wa Kwanza akamwangalia Mwenyekiti Mkuu. Mwenyekiti Mkuu akaniangalia mimi, kama vile mpinzani huota kwa nyasi. Mikutano yote ile, mbuzi wawili, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba timu ya kucheza nayo ndiyo ile tuliyoiunganisha.

"Na hao wachezaji wako wapi?" Mheshimiwa akauliza tena.

Hapo ndipo tukawaona. Walitokea upande wa mnada, wamevaa fulana ndani nje, kwa hivyo hungejua nani kijani nani nyekundu. Mutegi alikuwa amebeba mpira.

"Nyinyi ni nani?" Bwana Ndambiri akafoka.

"Ni timu."

"Timu gani? Mwenyekiti wenu ni nani?"

"Hatuna."

"Katibu?"

"Hatuna."

"Basi ni nani anawaongelea?"

"Yule ako na mpira," Mwiti akasema. "Mutegi akinipa, nitaongea mimi."

Bwana Ndambiri akageuka kwa Mheshimiwa akiwa na jasho. "Mheshimiwa, hawa hawajasajiliwa. Klabu inayotambuliwa ni ile ya kamati."

"Vizuri," akasema Mheshimiwa, ambaye alikuwa ametoka mbali na hakutaka kurudi bila mpira. "Basi hiyo inayotambuliwa iingie uwanjani."

"Lakini Mheshimiwa, sisi ni viongozi."

"Ndiyo. Ongozeni. Na watakaoonyesha kwamba wanautumia huu uwanja, uwanja ni wao."

Ndiyo sababu, wananchi, mliona yale mliyoyaona. Fulana mpya za Wawira ziligawanywa. Tulipohesabiwa tukapungua mmoja, na Mheshimiwa akamwonyesha Mlezi wa Wenyeviti kwa kidole. Bwana Ndambiri akavua koti. Mimi niliwekwa golini, kwa sababu za kitaalamu: ndipo nyasi ilipokuwa nyingi. Nilibeba kiti changu.

Mpira wa kuanza ulitaka kupigwa na kapteni. Mwenyekiti wa Kwanza akaenda, Mwenyekiti Mkuu akaenda. Wakaupiga pamoja kwa nguvu zote, mpira ukabaki pale pale, na wazee wawili wakaanguka wameshika miguu, kila mmoja akiitisha penalti dhidi ya timu yake mwenyewe.

Mabao sikuyahesabu. Niliambiwa mkurugenzi hahesabu, anapokea. Yakija nilisema "karibu." Bao moja Mutegi alikuja nalo polepole, akasimama mbele yangu.

"Shosho, songa kidogo usigongwe."

Nikasonga, na kiti. Kipindi cha pili, kwa mujibu wa uamuzi wa kamati, tulicheza kinyumenyume, na ndipo Bwana Ndambiri akaingia kwa mtaro na viatu vyake vyeupe.

Mheshimiwa alicheka mpaka akashikiliwa. Kisha akatoa uamuzi. Uwanja ni wa vijana, na haujengwi kitu. "Na wewe Ndambiri," akasema, "nimesikia ulikuwa unataka sana kufanyia kazi hapa. Sitaki kukuvunja moyo. Kutoka Jumatatu ofisi yako ni hapa. Ghorofa itangoja. Kwani uwanja hauna mkubwa wake, umuulize mahali pa kuweka meza?"

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa bado golini, nimekalia kiti.

Sasa nimalizie hesabu ya timu. Vijana ni moja, hawana jina wala mwenyekiti, na wanashinda. Klabu Unganifu ilivunjika jioni ile ile, Mzee Munyi akimlaumu Mwalimu Njuki kwa mabao yote yaliyopita upande wa nyekundu. Wakarudisha Stars na Moto, viongozi watupu bila mchezaji hata mmoja. Hizo ni tatu. Wote wawili wamekuja kwangu kutafuta golikipa.

Na Bwana Ndambiri anafika kila asubuhi, meza yake iko karibu na mlingoti wa bendera ya kona. Mbuzi wangu wamemzoea. Jana jua lilipopanda, alikuja akasimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Mama Mkurugenzi, naomba nitoke kidogo. Naenda chai."

Nilikuwa namenya viazi. Nikamtazama, nikatazama nyasi, nikasikia maneno yakija yenyewe, matamu kama asali ya kwetu Mbeere. Kumbe ndiyo maana wanayapenda.

"Hilo litaangaliwa," nikamwambia, "kamati ikikaa."