Matanga ya Shangazi Aliye Hai

Jumatatu, 2 Juni

Leo tumeruhusiwa kuanza. Daktari Odera wa kliniki ya Mombasa ametueleza tena: Kahonzi atadungwa sindano kila jioni mpaka mayai yakomae, yatolewe, yakutanishwe na mbegu zangu maabarani, halafu kiinitete kirudishwe tumboni. Miaka sita ya ndoa imetufikisha hapa. Mke wangu alisikiliza amekaa wima kama mtahiniwa. Mimi niliitikia kwa kichwa kila neno, hata daktari aliponiuliza swali.

Kahonzi ana sharti moja. Asijue mtu. Amesema ikiwa ni kukosa, hataki kukosa mbele ya watu. Namwelewa. Kwetu Ganze mwanamume humpa mwanawe wa kwanza jina la baba yake. Baba yetu ni Nzai, na ndugu yangu Mwaro keshampata Nzai wake. Wangu anasubiriwa bado, na kila Krismasi Mama ananiulizia habari zake kama mtu aliyechelewa basi.

Nimemwahidi siri itakaa. Kwa kutunga sababu sina mpinzani hapa Gede.

Jumatano, 4 Juni

Sindano zinataka baridi. Hatuna friji. Nimempelekea Gitau, mwenye duka la jirani, kifurushi akiweke nyuma ya soda. Akauliza ni nini. Nikasema dawa ya mbwa. Akasema hajawahi kuona tuna mbwa. Nikasema anakuja.

Nimefanya mazoezi ya kudunga kwa chungwa. Chungwa nililidunga vizuri sana. Jioni nikainua sindano, nikaiona ngozi ya mke wangu, nikazinduka niko sakafuni, Kahonzi ananipepea kwa leso. Alikuwa ameshajidunga mwenyewe. Akaniuliza kama nimeumia.

Ijumaa, 6 Juni

Tuna mbwa. Nimepewa na fundi baiskeli, aliyefurahi kupita kiasi kumtoa. Gitau amekuja kumtazama, akasema kwa mbwa anayedungwa kila siku ana afya ya ajabu.

Kahonzi hakucheka. Dawa zinamliza bila sababu, na mimi nimemletea mnyama mwenye viroboto. Lakini jioni nimewakuta kizingitini, mbwa ameweka kidevu juu ya mguu wake, naye anamsimulia mambo ambayo mimi hanisimulii. Niliona wivu kidogo, nikaenda kuchemsha chai.

Jumatatu, 9 Juni

Tatizo. Daktari anataka tukae Mombasa mpaka kazi iishe. Papo hapo Mama amepiga simu, anatutaka Ganze kwa palizi. Kumkatalia Mama palizi, ama uwe mgonjwa ama umefiwa. Nikisema tunaumwa, atatufuata hospitali na mkeka wake. Basi tumefiwa. Nimemuua Shangazi Nyevu wa Adu, dada yake baba yake Kahonzi. Nimemchagua kwa heshima: ni mzee, yuko mbali, na kwetu wanamjua kwa jina tu.

Mama akalia kwa sauti. Nilijisikia vibaya. Pia nilijipongeza. Punde Mwaro akapiga, akauliza mazishi lini. Nikasema Jumamosi, ila wasisumbuke, familia inataka mazishi madogo. Mwaro akauliza mazishi madogo ndiyo kitu gani.

Kahonzi sijamwambia. Daktari amesema asitiwe mawazo.

Jumamosi, 14 Juni

Mombasa. Leo mayai yametolewa. Kahonzi alipopelekwa ndani alinishika kidole kimoja tu, akakiachia mlangoni. Kisha muuguzi akanipa mimi kikombe chenye jina langu, akanionyesha chumba kidogo chenye kiti cha plastiki.

Humo ndimo Mwaro alimonipigia. Nikakata. Akapiga tena. Nikapokea, nikidhani Mama kapatwa na jambo. Akasema wamefika Adu. Lori zima la ukoo wetu, na mbuzi, na sufuria, na ngoma, Mama akiwa mbele, maana wakwe wakifiwa sisi hatukai nyumbani. Nani asiyejua hilo? Mimi nimezaliwa Ganze! Akauliza mbona haoni turubai. Papo hapo nikasikia vilio vikikatika ghafla, na sauti ya mwanamke ikiuliza aliyekufa ni nani. Alikuwa Shangazi Nyevu, anatoka shambani na jembe lake.

Nikazima simu. Kikombe kilikuwa bado kinanisubiri. Sitaeleza zaidi. Nilifaulu.

Mayai yamepatikana, mazuri. Kahonzi alipozinduka aliuliza hilo kwanza, kisha akauliza mbona natokwa jasho.

Alhamisi, 19 Juni

Kiinitete kimerudishwa. Tumekiona kwenye kioo, doa jeupe dogo kama punje ya chumvi. Daktari Odera akasema ndicho hicho. Mimi, wa kutunga maneno, sikupata hata moja. Nampenda mwanangu huyu tayari. Kingine kimegandishwa, kiwe akiba.

Jioni Shangazi amempigia Kahonzi, na yote yamejulikana. Kahonzi akasema nimemuulia shangazi yake. Kisha akaanza kucheka, amejishika tumbo kwa mikono miwili, ananikaripia nisimchekeshe kisije kikatoka.

Kumbe Shangazi ametusitiri. Hakujua kwa nini nilidanganya, ila alimwona Mama anaanza kuaibika mbele ya watu, akasema ni kweli, alizidiwa hata akaliliwa, na sasa amepona. Mbuzi akachinjwa kwa shukrani. Shangazi akaimbiwa siku nzima. Amemwambia Kahonzi nyimbo zilikuwa nzuri, ila Mwaro hajui kupiga ngoma. Hilo limenifurahisha kuliko inavyostahili. Kahonzi naye akamweleza ukweli wetu wote, na Shangazi akasema siri itaishia kwake.

Alhamisi, 3 Julai

Daktari amepiga simu. Mimba haikushika.

Kahonzi alimshukuru, akaweka simu mezani, akaenda kukaa kizingitini. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kwa siku ya leo, hata mzaha mmoja. Hakuna lililofaa. Nikakaa kando yake, nikalia. Yeye alianza niliponyamaza, kana kwamba alikuwa anangoja zamu. Nilishaanza kumwita mtoto wetu Nzai kimoyomoyo. Nimeumia, na sijui uchungu huu niupeleke wapi, kwa kuwa kwa watu hakuna kilichotokea.

Mchana Shangazi Nyevu, aliyejua leo ndiyo siku ya majibu, akaingia kutoka Adu na kuku kapuni. Nilimwamkia shikamoo nikitazama miguu yake. Akaitikia marahaba, akanipita. Akampashia Kahonzi maji ya kuoga, akamsuka nywele, wala hakumwambia atapata mwingine. Nilimshukuru sana kwa hilo.

Alipomaliza akaniita nje. Akasema hana kinyongo kwa kufishwa, ila siku nyingine niwaambie watu tumechoka, tunakwenda kupumzika. Hakuna anayepanda lori kufuata mapumziko ya mtu. Nikasema nimeelewa. Na kweli nilielewa.

Jumamosi, 12 Julai

Asubuhi Kahonzi amesema kile kilichogandishwa kisiachwe peke yake kwenye baridi. Tujaribu tena Agosti. Nilitamani kumbeba nizunguke naye uani. Akaniapisha kwanza: safari hii asife mtu. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Jioni Mwaro akapiga. Agosti tufike Ganze kwa mavuno. Maneno ya Shangazi nilikuwa nayo tayari mdomoni. Kupumzika. Mtu mzima, mwenye afya yake, anapumzika wenzake wakivuna! Mwaro angenicheka mpaka mwakani. Nikasema samahani, tuna harusi. Binamu yake Kahonzi, kule Lunga Lunga. Hakuna aliyekufa, kwa hiyo kiapo hakijavunjwa. Na harusi si matanga. Haendi asiyealikwa.

Nikamsikia Mwaro anamwita Mama. Mama akashika simu, sauti imechangamka kuliko nilivyomsikia mwaka huu wote. Akauliza sare za upande wetu ni rangi gani.

Nimemwambia kijani. Kijani kinampendeza.